Yadi ya Reli juu ya Ubao Mmoja



Reli za mfano hudhaniwa kuwa ni mchezo wa wenye nyumba kubwa. Mtu akilisikia jina lake, mara hufikiri chumba kizima kilichojaa milima ya karatasi, madaraja na mahandaki, na injini inayozunguka duara. Reli kama hizo zipo, na uzuri wake haukataliki. Lakini injini inayozunguka duara hutazamwa siku tatu, na siku ya nne imo sandukuni, kwa kuwa haina la kufanya ila kurudi ilikotoka. Mwezi huu twakusudia kueleza jambo lililo kinyume cha hilo: yadi ndogo ya mizigo inayokaa juu ya ubao wa sentimita 120 kwa 30, yenye pointi mbili tu, injini moja na mabehewa manane, nayo yaweza kumshughulisha hata mtu mzima kwa miaka.

Aliyeibuni yadi hiyo ni Mwingereza Alan Wright, naye aliiita Inglenook Sidings. Mfano wake aliutoa mahali pa kweli, Kilham, katika Northumberland, kaskazini kabisa mwa Uingereza, kwenye tawi la reli la kati ya Alnwick na Cornhill lililofunguliwa mwaka 1887. Wala hakuwa wa kwanza kufikiri kwamba reli ya mfano yaweza kuwa ndogo. Mwaka 1926 A. R. Walkley aliwaonyesha wenzake yadi ya mizigo iliyokunjwa ikabebwa mkononi kama sanduku la safari. Ila yadi ya Wright ina hesabu ndani yake, na hesabu hiyo ndiyo tunayotaka msomaji aishike kabla hajanunua hata kipande kimoja cha reli.

Kwanza tuseme yadi za namna hii zilikuwa za nini. Katika stesheni ndogo za Uingereza gari la moshi la mizigo lilipita, likasimama, likaacha behewa la makaa ya mawe au la mbolea, likachukua behewa la nafaka au la ng'ombe, likaenda zake hadi stesheni ya mbele. Mabehewa hayakuweza kufungwa ovyo ovyo. Yapasa lile litakaloachwa kwanza liwe mahali pa kufikika kwanza. Kama limo katikati, itabidi kuyatoa mengine yote ili kulipata. Kazi hiyo ya kuvuta, kusukuma, kufungua na kufunga, ambayo watu wa reli huiita shanti, ilifanywa usiku na mchana, mvua na theluji, na wafanyakazi wengi walipoteza viungo na maisha kati ya behewa na behewa. Machi 1963 ilipotoka ripoti ya Dkt. Richard Beeching juu ya hali ya reli za Uingereza, yadi nyingi ndogo zilikuwa hazijilipi, na katika miaka iliyofuata zikafungwa moja baada ya moja. Leo twaweza kuicheza kazi ile mezani bila kuumiza mtu.

Basi na tuitazame ramani. Reli moja inaingia kutoka mkono wa kushoto. Kipande hiki cha mwanzo tutakiita mkia. Urefu wake ni wa injini pamoja na mabehewa matatu, wala hauzidi. Mbele ya mkia ipo pointi ya kwanza, yaani pale reli inapogawanyika mbili. Upande mmoja inaendelea njia ndefu, ambayo hubeba mabehewa matano. Upande wa pili ipo pointi nyingine, inayotoa njia mbili fupi, kila moja ya mabehewa matatu. Tuziite njia hizo Alifu, Be na Te: Alifu ndiyo ndefu, Be na Te ndizo fupi. Hiyo ndiyo yadi yote.

Hesabu nafasi: tano, na tatu, na tatu, jumla kumi na moja. Mabehewa ni manane. Zimebaki nafasi tatu tupu, nazo ni sawasawa na mabehewa ambayo mkia waweza kuyapokea kwa mara moja. Hapa ndipo wengi hukosea wanapochora yadi zao. Wakiona ubao una nafasi huongeza reli, na wakiona reli imepatikana huongeza behewa, hata mwisho yadi ikawa kama ghala lililojazwa hadi mlangoni, kitu hakisogei. Au hufanya kinyume, wakarefusha mkia ukameza mabehewa sita, na kila kitu kikawa rahisi, na mchezo ukafa. Mtu anayepanga yadi ndogo yampasa apange nafasi tupu kwanza, kisha ndipo afikiri habari ya mabehewa.

Tuonyeshe kwa mfano. Katika Alifu yamo mabehewa matano, namba 1 likiwa karibu na pointi na namba 5 likiwa ndani kabisa. Be imejaa, ina 6, 7 na 8. Te ni tupu. Twalitaka namba 5 lije mbele. Mchezaji mwenye haraka huvuta mara moja 1, 2 na 3, akayatia Te. Sasa Be imejaa, Te nayo imejaa, namba 4 halina pa kuwekwa isipokuwa huko huko lilikotoka, na nafasi tatu tupu zote zimo katika njia moja. Hakufungiwa kabisa, lakini atazunguka njia ndefu.

Mchezaji mwenye subira huvuta 1 na 2 tu, akayaacha Te, na nafasi moja ya Te akaihifadhi. Kisha huivuta mikiani foleni ya 3, 4 na 5. Namba 5 sasa ndilo lililo mbali na injini, yaani ndilo la mbele wakati wa kusukuma. Husukuma kuelekea Te na kuliacha namba 5 katika ile nafasi iliyohifadhiwa. Hurudi na 3 na 4, akayaweka Alifu. Mwisho huenda Te, akalichukua namba 5 peke yake, akalileta Alifu. Lililokuwa ndani kabisa limekuwa la kwanza, na yote hayo kwa sababu ya nafasi moja ambayo hakuitumia pale alipoweza kuitumia.

Sheria ya mchezo wenyewe ni nyepesi. Andika namba 1 hadi 8 katika vikaratasi, uvikunje na kuvitia katika kikombe, kisha uchomoe vitano. Namba ulizochomoa, kwa utaratibu ule ule ulivyozichomoa, ndizo treni unayotakiwa kuipanga katika Alifu. (Hapana dau hapa wala cha kushindania; kura hii ni ya kugawa kazi tu.) Na mtu asidhani kwamba kazi zitakwisha upesi. La kwanza laweza kuwa lolote kati ya manane, la pili lolote kati ya saba, la tatu kati ya sita, la nne kati ya matano, la tano kati ya manne. Zidisha, utapata treni 6,720 mbalimbali. Anayepanga moja kila siku atahitaji zaidi ya miaka 18. Na kila moja yawezekana kupangwa: jambo hili limeshughulikiwa hata na wataalamu wa hisabati, na mwaka 2019 Simon Blackburn aliandika makala nzima ya kuonyesha ni lini mtu aweza kuwa na yakini kwamba yadi ya namna hii itapangika.

Vipimo sasa. Katika kipimo kinachopendwa zaidi Uingereza, moja kwa 76, behewa la zamani la magurudumu manne huwa na urefu wa sentimita 8 na kidogo. Pamoja na kulabu zake, hesabu 9. Injini ndogo ya yadi haipiti 12. Kwa hiyo mkia ni 12 na 27, tuseme 40. Pointi fupi ni kama 18. Baada ya pointi acha 10 hivi, kwa kuwa hapo reli mbili bado zimekaribiana mno na behewa likisimama litakwaruzwa na jirani yake. Alifu ni 45. Jumla 113. Jumlisha upande wa pili: mkia 40, pointi mbili 36, mwanya 10, njia fupi 27, utapata 113 vile vile. Zilizobaki kufikia 120 ni za vizuizi vya mwishoni. Ukitumia kipimo kidogo zaidi, moja kwa 148, ambacho upana wa reli yake ni milimita 9, yadi nzima itakaa juu ya ubao wa sentimita 60 na kuingia chini ya kitanda.

Anayetaka kuiga reli za kwetu badala ya za Uingereza afahamu kwamba reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa ya upana wa mita moja, nyembamba kuliko ile ya Kiingereza ya milimita 1,435. Kwa kipimo cha moja kwa 87 hutumika reli ya mfano ya milimita 12, nayo hulingana vizuri sana. Mabehewa yake tayari ni adimu na ghali. Afadhali kuyatengeneza kwa mkono.

Yupo pia Mmarekani John Allen, wa Monterey huko California, ambaye mwaka 1972 alichapisha fumbo lake la pointi tano aliloliita Timesaver, lenye njia zinazotazama pande mbili na saa ya kuhesabu dakika. Ni kazi ya akili nyingi. Kwa maoni yetu humchosha kijana kabla hajaonja utamu, maana njia zake zimebanwa mno, na saa humfanya agonge mabehewa. Aanze na yadi ya Wright.

Neno kwa wazazi. Injini, reli na pointi zina gharama, na si haki kumnunulia mtoto kitu ambacho haijajulikana kama atakipenda. Basi kabla ya kutoa hata shilingi, chora yadi hii kwa penseli juu ya karatasi kubwa kwa vipimo tulivyovitaja. Kata makaratasi magumu manane ya sentimita 9 kwa 3, uyatie namba, na jingine la 12 liwe injini. Kila kitu kitakwenda kama kinavyokwenda juu ya chuma, pasipo umeme. Mtoto akicheza wiki mbili na bado anaomba kura mpya, hapo nunua. Na ukinunua, angalia kwanza kulabu: zile zisizofunguka kwa urahisi huharibu mchezo huu kuliko kasoro nyingine yoyote, kwa sababu kazi yote ni kufunga na kufungua. Injini nayo iwe ya kwenda polepole mno. Ya kukimbia haina kazi hapa.

Mwezi ujao, panapo majaliwa, tutaeleza kutandika reli na kuunganisha nyaya. Kwa sasa vijana wajaribu hili. Alifu ina 1, 2, 3, 4, 5 kuanzia kwenye pointi; Be ina 6, 7, 8 vivyo hivyo; Te ni tupu. Treni inayotakiwa katika Alifu, kuanzia kwenye pointi, ni 7, 3, 5, 1, 8. Andikeni kila mwendo wa injini, na mhesabu ni miendo mingapi.