TAHARIRI: LAND ROVER YETU ISIUZWE KWA MIZANI



Gari la ushirika lililolala nyuma ya ghala limepata mnunuzi. Bwana huyo ananunua chuma chakavu, anazunguka na mizani yake, na amesema atalipa kwa kilo, fedha mkononi. Kamati imeamua jambo hili liletwe kwenye mkutano mkuu, na tangu siku ile hapa Kibaoni hakuna mazungumzo mengine. Kisimani ni Land Rover, mashineni ni Land Rover, kilabuni ndiyo usiseme. Kundi la kwanza linasema liuzwe tugawane. La pili linasema litiwe injini ya Toyota, lipigwe puti na rangi nyeupe, libebe abiria wa Usevya na Majimoto. La tatu, ambao ni wachache, wanasema lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani. Gazeti hili la ukutani liko pamoja na hao wachache, na leo linaeleza kwa nini.

Kwanza tujue tunacho nini. Gari hili ni Land Rover 109 Series III. Hiyo 109 ni inchi, kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, kama meta 2 na sentimeta 77. Series III zilitengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia mwaka 1971 mpaka 1985. Anayebisha na aangalie saa za dashibodi: ziko mbele ya dereva. Kwenye Series II ziko katikati. Injini yake ni ya petroli, silinda nne, ile ambayo mafundi wa zamani wakiiita "mbili na robo". Na bodi lake si bati la chuma, ni aluminiamu. Rover walipoanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa kwa mgao, lakini aluminiamu ilikuwepo. Basi wakatumia walichokuwa nacho, na ndiyo maana mpaka leo milango ya gari letu haijaliwa na kutu wakati chasisi imeanza kulika.

Ndugu, mnunuzi yule alipogonga mlango kwa kidole alitabasamu. Sisi tuliokuwepo tulimwona. Bei aliyoitaja ni ya chuma, na kila mtu wa chakavu anajua kwamba aluminiamu ni ghali kuliko chuma. Kwa hiyo hata hao wanaotaka kuuza, wanataka kuuza kwa hasara. Tena mtu wa mizani haulizi kadi ya gari wala hasomi namba ya chasisi. Mali ya wanachama wote itapita kwenye mizani na kuwa vipande, halafu mwakani mtu akiuliza ilikwenda wapi, kitabu kitaonyesha kilo tu.

Sasa tuje kwa wenzetu wa injini ya Toyota. Hawa hatuwadharau, kwani wana hoja. Petroli ya siku hizi si mchezo, na gari hili linakunywa lita moja kwa kilometa tano au sita. Land Rover nyingi nchini zimetiwa injini za dizeli za Kijapani na zinatembea. Lakini tuulizane: ukitia injini ngeni utakata vishikio vya chasisi, utatengeneza bamba la kuunganisha na giaboksi, utabadili rejeta, utasogeza mabomba ya ekzosi. Kila kitu kitakuwa cha kubuni, na aliyebuni ni fundi mmoja. Siku akihamia Mpanda au Sumbawanga, ameondoka na akili ya gari letu. Spea utanunua ya nini? Ya Toyota haitaingia, ya Land Rover haitaingia.

Gari la asili lina kitabu. Kitabu kinasema injini inachoma 1, 3, 4, 2. Kinasema nafasi ya tapeti ni sehemu kumi za elfu ya inchi. Kijana wa darasa la saba akisoma, akapewa spana za inchi (si za milimita, hizo ndizo zinazoharibu vichwa vya bolti), ataifanya kazi hiyo hapa hapa chini ya mwembe. Betri ikifa, lipo hendeli la kuzungushia kwa mkono pale mbele. Gari hili liliundwa kwa ajili ya mtu aliye mbali na gereji. Sasa huyo mtu aliye mbali na gereji ni nani kama si sisi?

Lakini tusidanganyane. Gari hili halitatutajirisha kwa kubeba mahindi. Linabeba kama tani moja, yaani magunia kumi, na mwenye Canter atacheka. Anayeahidi faida ya abiria asisikilizwe. Kazi yake ni ile ya masika, wakati udongo mweusi wa huku bondeni unaponata na magari ya kawaida yanazama mpaka ekseli: kupeleka mbegu na dawa, kumtoa mgonjwa, kumfikisha karani kwenye vituo vya kununulia. Kazi hizo hazina hesabu nzuri kwenye daftari. Anayezijua ni mwenye mgonjwa.

Kurudisha kama lilivyokuwa maana yake nini? Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata upande wetu. Wanafikiri ni kung'arisha. Mwaka 2016 kampuni yenyewe ya Land Rover ilianza kutafuta magari yake ya Series I na kuyarudisha katika hali ya kiwandani, 25 kwa kuanzia. Mwaka 2018 ikatangaza kwamba moja ya magari yaliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 limekutwa bustanini karibu na Solihull, na kwamba litatengenezwa bila kufuta alama zake za uzee. Wao ndio waliolitengeneza, wangeweza kulipiga rangi mpya, wakaona rangi ile kuukuu ndiyo mali. Na huku kwetu, Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover kutoka kila upande kwa tamasha la kutaka kuvunja rekodi ya msafara iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Waliokwenda kutazama walikuwa wanazunguka magari makuukuu wakiuliza: hii ni injini yake yenyewe? Hapo ndipo thamani ilipo. Siku ushirika ukiamua kuuza, na tuuze kwa watu wanaouliza swali hilo.

Gari letu nalo lina alama zake. Mkikwangua mlango wa kushoto kwa ukucha mtaona rangi tatu. Ya chini kabisa ni ya chama kikuu cha ushirika cha zamani, na herufi zake bado zinasomeka jua likiwa la jioni. Ya pili ni ya baada ya Mei 1976, Serikali ilipovunja vyama vikuu na mali zikaenda kwenye mamlaka za mazao. Ya tatu tuliipaka wenyewe kwa brashi, baada ya sheria ya mwaka 1982 kurudisha ushirika. Wakati ule tulikuwa Mkoa wa Rukwa, Katavi haijazaliwa mpaka 2012. Vijana wanaosema ushirika ni maneno ya wazee tu na waoneshwe mlango ule. Gazeti hili linapendekeza mlango usipigwe puti wala rangi. Uoshwe, uachwe.

Kazi ianzie kwenye chasisi, si kwenye rangi. Chasisi ya Land Rover ni chuma chenye uwazi ndani, na kutu inaanzia ndani usipoiona. Fundi agonge kwa nyundo ndogo kutoka mbele mpaka nyuma: panapolia kama ngoma ya kupasuka pakatwe, pachomelewe chuma kipya cha unene ule ule. Vilevile pale aluminiamu inapogusana na chuma, maji yakiingia, aluminiamu inageuka unga mweupe. Lazima pawekwe kitu cha kutenganisha. Baada ya hapo breki, halafu ekseli na springi. Springi za upande wa dereva ni nzito kuliko za upande wa pili, msizichanganye gari likaja kulala upande. Injini ifuate. Kila bolti inayofunguliwa itiwe kwenye kopo lenye jina lake, na karani aandike daftari. Hilo la daftari tunalisisitiza, maana gari hufa mara mbili: mara ya kwanza linapozimika, mara ya pili linapofunguliwa na watu kumi wasioandika.

Fedha zote hazipo, tunajua. Msimu huu tufanye chasisi na breki peke yake. Asiye na mchango wa fedha alete siku zake za kazi zihesabiwe. Vijana watatu wachaguliwe wakae na fundi tangu mwanzo mpaka mwisho, na mmoja wao awe msichana, kwani hakuna aya ya kitabu kile inayosema spana ni ya wanaume.

Kabla ya mkutano mambo mawili yafanyike. Kamati itafute kadi ya gari kwenye majalada ya zamani, na namba yake ilinganishwe na ile iliyogongwa kwenye chasisi, mbele kulia, pale springi inapoanzia. Mwenye kwenda kuisoma achukue brashi ya waya na mafuta ya taa, kwani imefunikwa na udongo.

La pili ni zito kidogo. Boneti ilipofunguliwa juzi, kabureta haikuwepo. Altaneta pia, na kofia ya distributa, na lile hendeli la kuwashia. Hatumtaji mtu, na pengine wengine walivichukua wakijua gari limekwisha kufa. Nyumba moja inasemekana inatumia hendeli kuchimbia mihogo. Ndugu, virudisheni. Karani atakuwa ofisini kila siku ya soko kuanzia saa mbili asubuhi, ameweka sanduku nje ya mlango, na hataandika jina la aliyeleta, ataandika kilicholetwa tu.