Carama Si Paradiso, Lakini Nataka Kuhamia

Ndugu zangu wa kambi, na nyinyi wakubwa wa mashirika, nimetoka kutembea Carama, kaskazini mwa Bujumbura, kwa karatasi ya ruhusa. Nimerudi Bwagiriza na mawazo ya kuhama.

Msiniambie eti nimedanganywa na taa za mjini. Taa gani? Niliona vumbi, bidoni zimepangwa zinangoja maji, watu wanarudi kwa miguu sababu esansi hakuna. Na kodi hailali. Lakini pale Mkongomani anashona, anauza, anasuka nywele, anajua kesho atafanya nini. Hewa ikiwa safi, milima ya Uvira hiyo hapo.

Kambi yetu ilifunguliwa 2009. Watoto waliozaliwa humu sasa ni vijana, na kila mkutano tunaambiwa, “Jitegemeeni!” Sawa. Ila ukihamia mjini kujitegemea, posho inabaki kambini. Sasa hiyo kodi ya kwanza ilipwe na nini, na makofi ya mkutano?

Posho inifuate miezi sita tu, nipate chumba na cherehani. Halafu mnifute kwenye orodha ya chakula. Ya ukimbizi mniachie, vita bado haijaisha.