Kliniki isingoje tumbo lionekane

Wajawazito wengi nchini Tanzania bado wanaanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitano, wengine sita. Ukiwauliza, sababu hazitofautiani: mimba changa haitangazwi, watu wana kijicho; siumwi popote; mume yuko safarini na kliniki wanamtaka. Tunazielewa. Lakini miezi mitano ni kuchelewa.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipandisha mahudhurio kutoka manne hadi manane, la kwanza likitakiwa kabla ya wiki 12 kwisha. Siku hiyo ya kwanza ni ndefu, kwa hiyo beba maji na kitu cha kutafuna. Utapimwa uzito, urefu na presha. Utatoa mkojo, na damu itaangaliwa wingi wake, kundi, kaswende na virusi vya UKIMWI. Kaswende hutibiwa kwa sindano ya penisilini; ikiachwa, inaweza kumuua mtoto tumboni. Presha nayo ina kazi yake: ikipanda wiki ya 30, muuguzi atafungua kadi aone ulianza na ngapi. Asipoikuta, atalinganisha na nini?

Dawa ya SP ya kukinga malaria hutolewa kuanzia mwezi wa nne, dozi hadi dozi upite angalau mwezi, na zinatakiwa tatu au zaidi. Aliyekuja mwezi wa saba amekwishapoteza muda huo. Foliki asidi haitaki hata kungoja kliniki, kwa kuwa uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya mwezi wa kwanza, wengi wakiwa hawajui kama wana mimba. Anayepanga kuzaa aanze kuimeza kabla.

Wahudumu nao tuna neno nao. Kumwomba mama aje na mwenza ni jema, maana baba naye anahitaji kupimwa. Kumrudisha kwa sababu kaja peke yake, au kumtuma akatafute barua ya mwenyekiti wa mtaa, ni kumfukuza, na wapo wasiorudi mpaka uchungu uwashike. Mpimeni kwanza. Baba aitwe baadaye.

Nyumbani, mambo yazungumzwe mapema, baba akiwepo: watoto wataachiwa nani, nauli imewekwa wapi, nani yuko tayari kutoa damu ikihitajika, mfuko wenye kanga safi na vifaa vya kujifungulia uko wapi. Namba 115 ya usafiri wa dharura wa m-mama hupigwa bure. Iandikwe juu ya kadi, na jirani aijue pia. Na damu ikitoka, kichwa kikiuma sana huku macho yanaona ukungu, au mtoto akiacha kucheza, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda usiku huohuo.