Swichi ya Taa Katika Gari la Marehemu

Mama mmoja wa Likoni ametuletea swali lisilo la mirathi, ijapokuwa limetokana na mirathi. Marehemu mumewe alimwachia Peugeot 504, nayo ndiyo impelekayo arusini na matangani. Wakirudi usiku, taa za mbele hufifia kisha huzimika njiani; mwanawe akiitikisa swichi, zinawaka tena. Fundi wa kwanza alibadilisha globu mara mbili. Wa pili alimshauri aliuze gari kwa kilo.

Asiliuze. Hilo ni gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na ugonjwa wake si mkubwa.

Globu mbili za wati 60 katika gari la betri ya volti 12 hutaka ampea 10. Katika magari mengi ya zama zile, umeme wote huo hupita ndani ya swichi yenyewe, katika vibati vidogo vya shaba vinavyogusana. Hewa yetu ya chumvi huvitia kutu ya kijani. Kutu huzuia umeme, kizuizi huzaa joto, na joto huzidi kuviharibu hadi plastiki iyeyuke. Volti zikipungua sehemu moja ya kumi tu, mwanga hupungua karibu thuluthi. Ndiyo maana taa hufifia kabla ya kuzimika.

Akaaye kando ya dereva, na aghalabu ni mama, ndiye hunusa mwanzo ile harufu ya plastiki iliyoungua. Naomba asinyamaze. Gari hilo lisitembee usiku mpaka litengenezwe.

Fundi aanze kwa kuitoa ncha ya hasi ya betri. Aifungue swichi, avisugue vibati kwa msasa laini, avifute kwa spiriti. Asafishe na waya wa athi, ule unaofungwa kwenye bodi karibu na taa, maana mara nyingi swichi hulaumiwa kwa kosa la athi.

Lakini kusafisha peke yake ni kuahirisha. Dawa ni rilei mbili, moja ya taa za mbali na moja ya taa za karibu. Umeme mzito utoke betrini, upite kwenye fyuzi na rilei, ufike taani. Swichi ibaki kutoa amri tu, kwa umeme usiofika robo ya ampea. Kila rilei iwe na fyuzi yake ya ampea 15, karibu na betri. Anayenunua Changamwe kwenye spea za malori atazame pameandikwa 12, kwani malori mengi ni ya volti 24.

Akitokea fundi wa kusema, "Mama, nitapiga waya moja kwa moja," akataliwe kwa upole, hata akiwa mpwa wetu. Waya usio na fyuzi ukichubuka ukagusa bodi, huwaka moto, na ndani wamo watoto.

Kazi ikiisha, malipo yangoje kidogo. Injini iungurume, taa ziwake nusu saa, kisha mama aiguse swichi kwa mkono wake: iwe baridi. Volti zipimwe betrini, halafu taani. Tofauti ikizidi nusu volti, fundi arudi kwenye viungo vyake.