Kompyuta na Mtihani wa Wauguzi

Wako wadhanio kwamba mtihani wa shahada ya uuguzi ukiisha kutolewa katika karatasi na kutiwa katika kompyuta, basi maendeleo yametimia. Sisi hatuipingi mashine. Marekani ilianza kuwapima wauguzi wake kwa kompyuta mwaka 1994, kabla ya kuwapa leseni, wala haikurudi nyuma. Kompyuta haimjui mtoto wa mkubwa, na majibu yake hutoka upesi.

Lakini mtoto wa mkulima wa viazi wa Njombe, au wa mpagazi wa stesheni ya TAZARA pale Makambako, akifika Muhimbili au Chuo Kikuu cha Dodoma hali hajapata kugusa kompyuta, siku ya mtihani atapimwa nini: ujuzi wa dawa, au wepesi wa vidole? Chama cha wakulima na wafanyakazi hakiwezi kulinyamazia jambo hili. Yapasa afundishwe kwa mashine ile ile tangu mwaka wa kwanza, bila ada ya ziada. Na umeme ukikatika (sisi wa Nyanda za Juu hatuhitaji kuhadithiwa), dakika zilizopotea arudishiwe.

Tena iko kazi isiyopimika kwa kubonyeza. Mwaka 1975, Daktari Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walieleza mtihani ambao mwanafunzi hupita kituo hata kituo, akitenda kazi mbele ya msahihishaji. Mama avujaye damu baada ya kujifungua huokolewa na mikono iliyozoezwa hivyo. Chuo kitakachoufupisha mtihani wa namna hiyo kwa kisingizio cha kompyuta, wananchi walipao kodi na wakidai sababu.