Acheni Kulaumu Spika, Tazameni Soketi!

Kuna dhana moja isiyotaka kufa: eti besi kubwa ya kusimama, ile ya taarab asilia, ikitoa sauti ya mkebe jukwaani, dawa yake ni spika kubwa zaidi. Spika zikishindwa, mpigaji anaambiwa ala yake imepitwa na wakati, apishe kinanda. Huo ni uonevu! Mara nyingi kosa liko kwenye soketi ya kwanza kabisa, na hesabu yake ni ya shule ya upili.

Pikapu ya besi (si ile ya kubebea makaa) mara nyingi ni kipande cha piezo kinachobanwa kwenye daraja la nyuzi. Kwa upande wa umeme, piezo ni kama kapasita. Ukiichomeka kwenye mikisa, kapasita hiyo na ukinzani wa soketi huwa kichujio kinachokata sauti nzito. Mpaka wake ni 1 gawanya kwa 2πRC.

Haya, tuchukue piezo ya nanofaradi 1. Uzi mnene wa besi, E, uko Hz 41.

Soketi ya kilo-ohmu 50: mpaka ni Hz 3,183. E inapunguzwa karibu mara 77!
Soketi ya mega-ohmu 1: mpaka ni Hz 159. E inabaki robo.
Soketi ya mega-ohmu 10: mpaka ni Hz 16. Zaidi ya asilimia 90 ya E inapita.

Fundi atasema, "Nitaongeza besi kwenye ikwalaiza." Ongeza basi, lakini ukikuza mara 77 unakuza na kelele za mikisa yenyewe. Sisi wa programu tunajua: takataka ikiingia, takataka itatoka.

Mwingine atasema ana kisanduku cha DI. Kipi? Vile vya transfoma visivyotumia betri mara nyingi havifiki hata mega-ohmu 1.

Kinachotakiwa ni priamp ya mega-ohmu 10. Transista moja ya FET, vipuri vichache na betri ya volti 9 vinatosha kuiunda. Iweke karibu na besi, waya uwe mfupi, kwani waya mrefu kabla ya priamp huokota mvumo wa umeme.

Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa, muulize fundi: soketi hii ina ohmu ngapi? Asipojua, asikuuzie spika. Na mzee wa besi aachwe apige.