Twende New Orleans, na Jumapili Tubaki

Safari ya pamoja ya New Orleans imekubaliwa, na kinachosubiriwa sasa ni ratiba. Mapendekezo mengi yaliyotufikia yanafanana: tuondoke Houston Ijumaa usiku watu wakitoka kazini, Jumamosi tuzurure Bourbon Street, Jumapili asubuhi tugeuze. Tahariri hii inaiomba kamati iipindue ratiba hiyo. Tuondoke Jumamosi alfajiri, na Jumapili iwe ndiyo siku kuu ya safari, kwa kuwa muziki wa mji ule umezaliwa na Jumapili.

Wafaransa waliuanzisha mji huo mwaka 1718. Mwaka 1724 Louisiana iliwekewa sheria ya utumwa, sheria kali, lakini iliyokataza watumwa kufanyishwa kazi Jumapili. Waafrika waliishika nafasi hiyo. Walikutana, wakauza mazao ya vibustani vyao, wakapiga ngoma na kucheza. Mwaka 1817 baraza la mji liliamuru mikutano ya namna hiyo ifanyike Jumapili tu, tena mahali palipoteuliwa na meya. Uwanja uliojulikana kwa mikutano hiyo ni Congo Square, na upo mpaka leo ndani ya Louis Armstrong Park, mtaa wa Tremé. Miongoni mwa waliocheza pale walikuwamo watu walioletwa kutoka Senegambia na kutoka nchi za Kongo. Wanahistoria wa jazi huutaja uwanja huo kila wanapotafuta mizizi ya muziki wao.

Jina la bustani lenyewe linatuhusu. Louis Armstrong alizaliwa New Orleans mwaka 1901. Mwaka 1960 alizuru Afrika, akapiga tarumbeta Léopoldville na Elisabethville, yaani Kinshasa na Lubumbashi za leo. Wazee wetu waliotoka Katanga wakisimama pale na wajukuu wao, watakuwa na la kusimulia.

Lakini kinachotugusa zaidi sisi kama jumuiya ni vyama. Watu weusi wa New Orleans walianzisha vyama vya kusaidiana, na baada ya utumwa kukomeshwa vikaongezeka sana. Mwanachama alitoa ada yake. Akiugua chama kilimlipia daktari na dawa, akifa kilimzika kwa heshima, na mara nyingi bendi ya matarumbeta ilimsindikiza makaburini. Hiyo ni kufa na kuzikana kama tunavyoijua sisi. Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na ngoma ya beni, iliyoanza Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi Tanganyika, ambako vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa bendi, sare na vyeo. Wanachama wao nao walichangiana katika shida na kuzikana. Watu wa pande mbili za dunia, wasiofahamiana, waliweka tarumbeta na jeneza chini ya chama kimoja.

Vyama vile vya New Orleans havijafa. Kuanzia mwishoni mwa kiangazi hadi Juni ya mwaka unaofuata, karibu kila Jumapili mchana klabu mojawapo huingia barabarani na gwaride lake. Wanachama hutangulia wakiwa wamevaa suti za rangi moja kuanzia kofia hadi viatu, mikanda ya kitambaa begani, pepeo za manyoya mkononi. Bendi hufuata: matarumbeta, tromboni, ngoma kubwa iliyofungwa toazi juu yake, na suzafoni, ile shaba nzito inayomzunguka mpigaji kiwiliwili na kufumbuka juu ya kichwa chake. Nyuma yao ni kila mtu anayetaka kufuata. Hao ndio wanaoitwa mstari wa pili, na ndio waliolipa gwaride jina. Hakuna tiketi. Mama anacheza huku akisukuma kigari cha mtoto, babu anacheza barazani kwake. Gwaride husimama penye vituo, watu hunywa maji, kisha huendelea kwa saa tatu au nne.

Tukienda, twende kwa adabu. Tusipenye kati ya wanachama na bendi ili kupiga picha. Watu wa taarabu tunajua kutunza, basi tuchukue noti ndogondogo kwa ajili ya wapigaji. Njia ya gwaride hutangazwa wiki hiyohiyo, na redio ya WWOZ huwapa wasikilizaji habari zake, kwa hiyo mmoja wetu apewe kazi ya kufuatilia.

Jumamosi nayo ipangwe vizuri. Ni kilomita zipatazo 560 kwa barabara ya I-10, saa sita hivi pamoja na mapumziko, na si busara mtu aliyetoka zamu ya saa kumi na mbili kushika usukani usiku huohuo. Tukiondoka saa 11 alfajiri, mchana tutapita Whitney Plantation, kama saa moja kabla ya mji. Ni shamba la zamani la miwa lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2014, na habari inayosimuliwa hapo ni ya waliotumikishwa. Majina yao yamechongwa ukutani. Watoto wetu wakubwa wayasome kabla ya kuisikia ngoma ya Jumapili.

Usiku, familia ziende Preservation Hall, mtaa wa St. Peter. Ni chumba kidogo chenye mabenchi ya mbao, na jazi imekuwa ikipigwa humo tangu mwaka 1961. Pombe haiuzwi na watoto wanaruhusiwa, jambo ambalo ni adimu katika kumbi za mji ule. Viti ni vichache, kwa hiyo tiketi zinunuliwe mapema. Watu wazima wanaotaka kukesha waende Frenchmen Street, wenyeji wengi wanaipenda kuliko Bourbon.

Kuhusu chakula, Waislamu wenzetu waulize kabla ya kuagiza: gambo, jambalaya na hata maharage mekundu mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe. Kamba na samaki wapo tele. Asubuhi twende Café du Monde, iliyopo tangu 1862, tukale beignet, ambazo ni kama mandazi yaliyofunikwa sukari ya unga. Magari yabaki hotelini, maana French Quarter ina njia finyu na maegesho ya bei kubwa. Tramu ya St. Charles, inayofanya kazi tangu 1835, itatutembeza vizuri.

Tarehe tunayopendekeza ni wikendi ya Martin Luther King mwezi Januari. Jumatatu yake ni sikukuu, shule zimefungwa, joto na vimbunga viko mbali. Tuhakikishe kwanza kalenda ya magwaride, ndipo hoteli ilipiwe. Wenye zamu za hospitali na nyumba za wazee waanze sasa kubadilishana.

Tunaomba pia jambo moja kabla ya safari. Kimbunga Katrina kilipopiga tarehe 29 Agosti 2005, kingo za mifereji zilibomoka na takriban asilimia 80 ya New Orleans ikazama. Maelfu walikimbilia hapa Houston, na wengi hawakurudi. Ni majirani zetu, tunasali nao, tunafanya kazi nao. Tuwaalike kwenye mkutano ujao watueleze mji wao kwa vinywa vyao.

Jumuiya yetu inajua kukusanyika penye msiba. Simu zikilia usiku, kufikia asubuhi mchango wa kusafirisha maiti umeshaanza, na hilo ni jambo la kujivunia. Furaha tumemwachia kila mtu nyumbani kwake. Wenzetu wa Tremé wamedumu kwa zaidi ya karne moja kwa sababu chama kinachomzika mtu ndicho kinachomchezesha akiwa hai, na wajukuu hujiunga wakiwa bado wanaona raha yake. Vijana wetu wanaotuuliza jumuiya ina faida gani kwao wanastahili kuliona jambo hilo kwa macho yao. Kamati ikutane, ipange Jumapili ile, na kila familia ijiandikishe.